Dawa za kifua kikuu zimeisha, kikohozi hakijaisha: neno kwa makanisa ya mashariki kutoka Kolwezi

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, habari za Lualaba zinazowafikia ninyi wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Bunia ni habari za kobalti. Mwezi wa pili wa mwaka huo serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya nchi. Mwezi wa kumi ikafungua tena mlango, lakini kwa kipimo: tani 96,600 kwa mwaka, kwa miaka ya 2026 na 2027. Makampuni yalilalamika, bei ilipanda, wataalamu waliandika. Sisi tunaolichunga kundi la Bwana huku Kolwezi tunazifuata habari hizo, maana zinafika hadi kwenye kapu la sadaka. Ila kuna habari nyingine ya machimbo ambayo haina bei sokoni na wala hakuna anayeitangaza. Ni habari ya watu waliomeza dawa za kifua kikuu hadi kidonge cha mwisho, wakaambiwa wamepona, na bado wanakohoa.

Kwa wengi wao maneno yanayofuata ni matatu: kifua kikuu kimerudi, ama ni ukimwi, ama amerogwa. Tunaandika kusema kwamba lipo neno la nne. Wachungaji, mashemasi na viongozi wa wamama wanapaswa kulijua, kwa sababu mgonjwa wa namna hii hufika mlangoni mwetu kabla hajafika hospitali kubwa, na mara nyingi hurudi kwetu baada ya kutoka huko. Neno hilo ni kuvu ya mapafu.

Tunawaandikia ninyi wa mashariki kwa makusudi. Vijana wa makanisa yenu wapo huku, walikuja kutafuta maisha, na wengine wao wanarudi nyumbani wakiwa wagonjwa. Tena kwenu kuna Rubaya, Kamituga, Walikale na Mongbwalu. Anayevunja jiwe la dhahabu au koltani kwa nyundo na tindo anavuta vumbi sawasawa na anayechimba shaba Kapata au Kasulo.

Kuvu ni ile mnayoiona kwenye mkate uliolala, kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka, kwenye ukuta ulionyeshewa na mvua. Wengine huiita ukungu. Ndugu zetu wa Tanzania husema fangasi. Huzaa kwa kutoa mbegu ndogo mno ambazo jicho halizioni. Zinapeperuka hewani na sote tunazivuta kila siku, nyumbani, shambani, hata kanisani. Ile inayotusumbua zaidi hapa inaitwa aspajilasi. Aliyeipa jina hilo, mwaka 1729, ni padri Mkatoliki wa Florence aitwaye Pier Antonio Micheli: alipoitazama kwa hadubini aliona umbo linalofanana na kile chombo ambacho padri huwanyunyizia waamini maji ya baraka. (Sisi Waprotestanti tulichelewa, hatuna kuvu hata moja tuliyoipa jina la kitu cha kanisani.)

Katika kifua kizima mbegu hizo hazifanyi kitu, mwili huzifagia nje. Shida huanza palipo na tundu. Kifua kikuu hula nyama ya pafu. Dawa huua vijidudu vyake, lakini haziwezi kuirudisha nyama iliyokwisha kuliwa. Panabaki shimo lenye hewa, joto na unyevu, mahali ambapo kinga ya mwili haifiki vizuri. Mbegu ya kuvu ikitua humo huota polepole, na baada ya miezi au miaka inaweza kujiviringisha ikawa donge, kama mpira mdogo ndani ya pango. Kuta za pango hilo huvimba, mishipa ya damu iliyomo hulika, na ndiyo maana mgonjwa hutema damu. Waganga huuita ugonjwa huu aspajilosi sugu ya mapafu.

Wala si jambo lililogunduliwa jana. Huko Uingereza, miaka ya 1960, waganga waliwafuatilia watu 544 waliokuwa wametibiwa kifua kikuu na kubakiwa na matundu mapafuni, na damu ya robo yao ilionyesha kwamba mwili unapambana na kuvu hii. Karibu nasi zaidi, katika mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwapima karibu watu 400 waliokuwa wamemaliza dawa za kifua kikuu, kisha wakawarudia. Katika taarifa yao ya mwaka 2019 walisema kwamba takriban mtu mmoja kati ya ishirini alikuwa na ugonjwa huu. Na kwa wale ambao picha ya kifua, ile tunayoiita radio, ilionyesha tundu, ilikuwa takriban mmoja kati ya wanne. Mwezi wa kumi wa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu zinazotishia wanadamu. Aspajilasi iliwekwa katika kundi la juu kabisa.

Sasa chukueni hesabu ya Gulu mkaiweke juu ya ukanda wa shaba. Kongo yetu ni moja ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Juu ya hapo kuna vumbi. Vumbi la jiwe lenye silika likivutwa miaka mingi hulifanya pafu kuwa gumu kama kovu, ugonjwa uitwao silikosi, na mtu mwenye silikosi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko jirani yake. Basi mambo yanafuatana: vumbi linaita kifua kikuu, kifua kikuu kinaacha tundu, tundu linapokea kuvu. Wala si mchimbaji peke yake. Mwaka 2014 mtu mmoja wa Kasulo aliyekuwa anachimba kwenye kiwanja chake alikuta kobalti, na kwa muda mfupi mtaa ule ukajaa mashimo, mengine ndani ya nyumba za watu. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipopima huko na kutoa taarifa mwaka 2018, walikuta kobalti nyingi katika vumbi la majumbani na katika mikojo ya watoto. Vumbi ambalo mwanamume analipumua shimoni, mke wake na watoto wanalifagia barazani.

Tuje kwenye dalili, maana hapo ndipo tunaweza kusaidia.

Kikohozi cha ugonjwa huu ni cha muda mrefu: miezi mitatu na kuendelea, mara nyingi mwaka na zaidi. Mgonjwa anakonda bila kufunga wala kukosa chakula. Anachoka, mtu aliyekuwa anabeba gunia sasa anapumzika mara mbili kwenda kisimani. Anakosa pumzi akipanda mlima mdogo. Kifua kinamuuma au kinakuwa kizito upande mmoja. Na damu: leo mistari myekundu kwenye makohozi, kisha wiki nyingi bila kitu, kisha siku moja damu tupu. Homa kali si kawaida yake, na hilo huwapotosha watu wengi, kwa sababu huku kwetu tumezoea kwamba asiye na homa si mgonjwa sana.

Dalili hizo zote zinafanana na za kifua kikuu. Kinachotofautisha ni historia ya mtu. Muulizeni: uliwahi kutibiwa kifua kikuu, hata miaka kumi iliyopita? Ulimaliza dawa? Makohozi yalipimwa tena, na yalisema nini? Mtu aliyemaliza dawa, anayekohoa zaidi ya miezi mitatu, anayekonda au kutema damu, na ambaye makohozi yake yanasema hakuna kifua kikuu, huyo ndiye tunayemzungumzia. Hatusemi ana kuvu. Anaweza kuwa na kifua kikuu kilichorudi kweli, kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida, kansa ya pafu, ugonjwa wa moyo, au makovu tu. Tunasema anastahili radio ya kifua na mtu wa kuisoma akiwa na swali la kuvu kichwani. Hata jibu la mashine ya GeneXpert halimalizi maneno kwa mtu aliyekwisha kutibiwa, maana mashine hiyo inaweza kuona mabaki ya vijidudu vilivyokufa na kusema vipo.

Katika mojawapo ya makusanyiko yetu kulikuwa na mchimbaji aliyewekwa kwenye dawa za kifua kikuu mara tatu katika miaka mitano. Mara ya kwanza makohozi yalikuwa na vijidudu. Mara ya pili na ya tatu hayakuwa navyo, alipewa dawa kwa sababu alikohoa na alikonda. Kila mara alipata nafuu kidogo mwanzoni, kisha damu ikarudi. Aliporudi kukohoa baada ya awamu ya tatu, ukoo ulikaa. Mzee mmoja akasema dawa za wazungu zimeshindwa mara tatu, basi ugonjwa huu una mwenyewe. Walienda kwenye chumba cha maombi cha mtaani, na huko kidole kikaelekezwa kwa mtoto wa dada yake, kijana wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa anakaa nao tangu mama yake afariki. Kiwanja kiliuzwa kulipia maombi na safari. Radio iliyoonyesha donge ndani ya tundu ilipigwa baada ya hayo yote, na ilipigwa kwa sababu shemasi wetu mmoja, muuguzi wa zamani, alikataa kuondoka hapo nyumbani bila karatasi ya kumtuma mbele. Yule mchimbaji alimeza dawa ya kuvu miezi mingi. Uzito umerudi kiasi, damu imekoma, pumzi yake haitakuwa tena kama zamani. Mtoto alipelekwa kwa ndugu Likasi. Mpaka tunapoandika hajarudi, na jina alilopewa linamfuata.

Hapo ndipo tunaona kwamba jambo hili si la waganga peke yao. Kosa la kutotambua kuvu halibaki hospitalini, linatoka nje likitafuta mtu wa kulaumiwa. Kule kwenu Kivu mara nyingi linaitwa karuho, sumu, na jirani ndiye anayehukumiwa. Huku kwetu mara nyingi ni mtoto au mama mzee. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Tunajua jinsi inavyofuatwa. Lakini kanisa halihitaji polisi ili kukataa kutaja jina la mtoto mimbarini.

Tuliosoma Kiebrania kwa jasho katika shule ya teolojia tunakumbuka kwamba neno lile linalotafsiriwa ukoma katika Mambo ya Walawi 13 na 14 halisemwi juu ya ngozi ya mtu tu. Linasemwa pia juu ya nguo, na juu ya kuta za nyumba zenye madoa ya kijani au mekundu, na wafafanuzi wengi wanaona kwamba kwenye nguo na kuta ni kuvu inayozungumzwa. Angalieni kuhani anafanya nini. Anaamuru vyombo vitolewe. Anaangalia. Anaifunga nyumba siku saba, anarudi, anaangalia tena. Madoa yakienea, mawe yanatolewa na lipu inakwanguliwa na kutupwa nje ya mji. Kuhani hatibu, na katika sura hizo zote ndefu hakuna mahali anapouliza ni jirani gani aliyeleta madoa. Kazi yake ni kutazama kwa makini, kungoja, na kurudi kutazama. Sisi tumekuwa wepesi wa kuwekea mikono na wazito wa kurudi siku ya saba.

Kuna kuvu ya pili ambayo watu wa mashimo wanapaswa kuijua. Hii haingoji kifua kilichotobolewa na kifua kikuu. Inaitwa histoplasma, na hukaa katika udongo uliochanganyika na mavi ya popo au ya ndege. Shimo lililoachwa mwaka mzima, popo wakaingia, kisha bei ikapanda na vijana wakarudi na majembe: wakichimbua mavi yale makavu, mbegu zinaruka na zinavutwa. Mwaka 2011 wanafunzi wa biolojia waliokuwa ziarani katika msitu wa Uganda waliingia ndani ya mti mkubwa wenye uwazi uliojaa popo. 13 kati yao waliugua. Hakuna aliyekuwa mchimbaji wala mgonjwa wa siku nyingi, na wakati wenyewe mtini ulikuwa mfupi.

Ugonjwa wa histoplasma wa ghafla una sura yake. Siku chache hadi wiki mbili au tatu baada ya kuingia shimoni au pangoni, mtu anapata homa, kichwa kinauma, mwili unalegea, kikohozi ni kikavu, kifua kinabana. Hufanana na malaria na huitwa malaria. Alama ya kuangalia ni hii: watu kadhaa walioingia pamoja wanaugua pamoja, na kipimo cha malaria kinasema hapana. Wengi hupona wenyewe. Lakini kwa mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kusambaa mwili mzima: homa isiyoisha, kukonda, vidonda kinywani, ini na bandama kuvimba, na watu wanafikiri tena kifua kikuu.

Afrika ina pia aina yake ya histoplasma, ambayo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1952 kutokana na wagonjwa wa Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Hiyo hupenda zaidi ngozi, matezi na mifupa kuliko mapafu. Ndugu zetu wa hospitali ya kiprotestanti ya Kimpese, kule Kongo ya Kati, walikuta wagonjwa wake wengi kati ya mwaka 2011 na 2014, wote wasio na VVU, na ikashukiwa kwamba chanzo ni popo na mavi yao yaliyowekwa shambani kama mbolea. Tunataja jambo hilo kwa furaha kidogo: ni hospitali ya misheni, mbali na miji mikubwa, iliyokataa kuandika kifua kikuu kwenye kila uvimbe wa shingo.

Na hizi kuvu mbili, aspajilasi na histoplasma, haziambukizi kutoka mtu hadi mtu. Mgonjwa wa kuvu hana haja ya kikombe chake peke yake, wala kulala jikoni, wala kukatazwa Meza ya Bwana. Ila mpaka kifua kikuu kiwe kimepimwa na kuondolewa mashaka, madirisha yafunguliwe na mgonjwa afunike mdomo anapokohoa, kwa ajili ya watoto wa nyumba.

Tumetaja VVU, na hapo habari za siasa zinaingia. Iko kuvu ya tatu, niumosistisi, inayowashika wale ambao kinga yao imeshuka: kikohozi kikavu, na pumzi inayopungua siku kwa siku mpaka mtu hawezi kumaliza sentensi. Kidonge kinachoizuia ni Bactrim, ambacho watu wa ARV wanakijua vizuri na wengi wanakiacha kwa sababu wanaona si dawa kubwa. Fedha za Marekani za kupambana na ukimwi, PEPFAR, hapa Kongo zilielekezwa hasa Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje. Kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Sehemu ya huduma ilirudishwa kwa ruhusa maalumu, lakini jimbo lililozoea kuegemea fimbo moja lilijifunza kwamba fimbo hiyo ina mwenyewe. Wiki moja hivi baada ya agizo lile Goma ikaanguka, kisha Bukavu, na njia za dawa kwenu zikakatika kwa sababu nyingine kabisa. Watu wenye VVU waliokosa dawa miezi kadhaa, huku na huko, ndio watakaoingia makanisani mwetu wakiwa hawana pumzi.

Kwa nini basi jimbo linalotoa kobalti kuliko mahali pengine popote duniani linashindwa kupiga radio ya kifua? Wazee wetu wanakumbuka hospitali za Gécamines. Hazikuwa paradiso, lakini mfanyakazi, mkewe na watoto walitibiwa. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Waliondoka na malipo ya mara moja, na matibabu yakabaki nyuma. Wana wao ndio wachimbaji wa leo. Mchimbaji huyo hana mwajiri, hana bima, hana mganga wa kazi wa kumpiga radio kila mwaka. Akifukiwa shimoni anahesabiwa na redio zinatangaza. Akifa kwa kifua nyumbani, hahesabiwi na mtu.

Tena kuna jambo la bei. Dawa za kifua kikuu ni bure, na ni vema ziwe bure. Dawa ya kuvu ananunua mgonjwa. Basi hata muuguzi mwenye huruma, akiona kikohozi na makohozi safi, anavutwa kuelekea dawa iliyopo kabatini. Hatumlaumu. Lakini miezi sita ya dawa isiyo yake ni miezi sita ambayo kuvu inaendelea kula.

Fedha zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba asilimia 15 ya mrahaba wa madini inakwenda kwa miji, sekta na usultani ambako mgodi uko, na asilimia 25 kwa jimbo. Juu ya hiyo, kila kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na wawakilishi wa jamii wanakaa katika chombo kinachoisimamia. Katika baadhi ya vyombo hivyo wapo watu wa makanisa yetu, na tumesikia wakiomba viwanja vya mpira, mabati, na ukumbi wa sherehe. Mashine moja ya radio katika kituo cha afya, pamoja na mtu aliyefundishwa kuisoma, na akiba ya vipimo vya damu vya kuvu ingebadilisha hesabu ya mazishi katika zoni nzima ya afya. Wapendwa mnaokaa katika mabaraza hayo, ombi hilo liandikwe katika mkutano ujao, kwa jina lake, kabla ya mabati. Nanyi wa mashariki, sheria ni hiyo hiyo, ijapokuwa mnajua wenyewe ni nani anayeshika migodi yenu sasa.

Kwa mgonjwa aliyeko leo, asiyeweza kungoja baraza, tunasema hivi. Asiende kituoni peke yake na mikono mitupu. Abebe karatasi zote za zamani, kadi ya kifua kikuu, majibu ya makohozi, na picha za radio hata zilizokunjamana, kwa sababu mganga anatafuta kuona kama tundu limebadilika tangu mwaka jana. Amwambie mganga waziwazi: nilimaliza dawa tarehe fulani, ninakohoa miezi kadhaa, makohozi ni safi, ninafanya kazi ya shimoni, je, inaweza kuwa kuvu? Muuguzi mwenye kiburi anaweza kukasirika. Mwingi wao hawatakasirika. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili unapambana na aspajilasi, na kisipopatikana Kolwezi, sampuli au mgonjwa anaweza kutumwa mji mkubwa.

Dawa inayotumika zaidi ni itrakonazoli. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017. Humezwa kwa miezi, si chini ya sita kwa ugonjwa sugu, na vidonge vyake humezwa pamoja na chakula. Isinunuliwe dukani kwa kubahatisha, wala isitolewe na mchungaji. Rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu inayofanya mkojo kuwa mwekundu, huimaliza nguvu itrakonazoli mwilini, kwa hiyo anayemeza zote mbili bila mganga kujua anapoteza fedha na muda. Inaweza kuumiza ini, na haimfai mwenye moyo dhaifu: miguu ikivimba, macho yakiwa ya njano, arudi hospitali. Donge likiwa moja na mgonjwa ana nguvu, upasuaji unaweza kuliondoa, lakini si kazi ya kila hospitali.

Mtu akitapika damu ya kifua inayojaza kikombe, au akikosa pumzi akiwa amekaa, au midomo yake ikibadilika rangi, hiyo ni safari ya saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mkalisheni ameinamia mbele kidogo, asilazwe chali, asinyweshwe chochote cha kienyeji. Kama mkesha wa maombi unaendelea, wawili wapande pamoja naye kwenye pikipiki au gari na wengine wabaki wakiomba. Mmoja wa wale wawili awe ndiye aliyebeba bahasha ya karatasi na picha za zamani.